Nilivyopima Macho ya Panya Newala

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panya na kadi. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima kwa mwalimu wangu wa misheni, nimejipaka mafuta ya nyonyo mpaka nang'aa, kwa sababu niliambiwa kwamba Bwana Daktari wa serikali pale Masasi anatafuta mtu mzima anayejua kusoma tarakimu. Nilidhani nitafunga vidonda. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepoa juzijuzi tu na vidonda havikuwa haba. Bwana Daktari akaniingiza katika kibanda cha udongo kisicho na dirisha, akanipa panya aliyeviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga, akasema kwa Kiswahili kilichokuwa safi kuliko changu, "Mtazame macho. Pua, mkia, masikio, hayo hayakuhusu."

Ninyi vijana wa zahanati mmeniomba mara nyingi niwaandikie kazi ilivyokuwa enzi za Mdachi. Mnadhani nitajisifu. Nilikuwa hodari, hilo silikatai, na hakuna Mmakua mwenzangu aliyeijua mboni ya jicho kama nilivyoijua mimi. Lakini kila nikikumbuka uhodari huo uso unaniwaka moto.

Panya wenyewe hawakuwa wale wetu. Panya wa shambani sisi tunawala, na tunawaita kwa heshima samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Hawa walikuja kwa meli kutoka Ulaya hadi Lindi, kisha wakapanda vichwani mwa wapagazi, ndani ya vizimba vya waya, mpaka Masasi. Kichwa na mabega yao yalikuwa meusi, mwili mweupe, utadhani wamejitanda ushungi. Watu walipita nje ya ua wakichungulia, wakitaniana nani apewe paja na nani apewe kichwa. Utani wenyewe ulikuwa na njaa ndani yake. Maghala yalikuwa yamechomwa na askari wakati wa vita, na nchi nzima ilikuwa porini ikichimba ming'oko, ile mizizi ambayo mwaka wa neema unaitafuna kwa kujifurahisha tu.

Kwa nini macho ya panya? Nami niliuliza. Ilikuwapo dawa mpya ya sindano ya ugonjwa wa malale, na huko ilikotumika baadhi ya wagonjwa walipona malale wakapofuka macho. Bwana Daktari alitaka kuijaribu kwa panya kwanza. "Lakini huwezi kujua kitu kimeharibika," aliniambia, "kama hukukijua kilipokuwa kizima. Kwa hiyo wewe na mimi tutapima jicho zima. Tutapima mpaka tuchoke." Neno lake kubwa lilikuwa kawaida. Kila kitu aliuliza, hii ni kawaida? Huyu ni wa kawaida? Hata wali wa mpishi wake aliuliza hivyohivyo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mboni, lile tundu jeusi la katikati ya jicho ambalo hupanuka gizani na kujibana penye mwanga. Panya alikaa kwanza gizani mpaka mboni ikafunguka yote. Kisha Bwana Daktari alisogeza mshumaa taratibu, nami nikashika kando ya jicho ile kadi yenye vidoa vyeusi vilivyopangwa kutoka kidogo hadi kikubwa, nikataja kidoa kilicholingana na mboni. Likisemwa ni jambo jepesi. Lakini panya ana hasira, mshumaa unacheza, na ukipumua kwa nguvu anafumba. Nilijifunza kupumua kwa kuiba. Ninyi mnaommulika mgonjwa tochi usoni kama mnatafuta mwizi, mngefukuzwa siku hiyohiyo.

Kipimo kingine kilikuwa cha pipa. Fundi mmoja wa Kimakonde alichonga pipa jepesi lisilo na kitako, tukalibandika ndani karatasi yenye milia ya kusimama, myeusi na myeupe. Panya aliketi juu ya kigoda katikati, nami nikalizungusha pipa polepole kwa kamba. Panya anayeona huifuata milia kwa kichwa, inapokwenda naye anakwenda, kisha anarudi na kuanza upya. Tulibadilisha karatasi, milia ikawa myembamba, ikazidi kuwa myembamba, mpaka panya akatulia tuli kwa sababu kwake imekwisha kuchanganyika ikawa rangi moja ya majivu. Hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Baadaye tulirudia kazi yote taa ikiwa imefunikwa kitambaa, ili tujue anaonaje mwanga unapopungua.

Juu ya chakula Bwana Daktari hakuwa na mchezo. Panya walikula mtama, karanga, na ini la mbuzi. Nilimuuliza kwa nini ini, maana mimi mwenyewe nilikuwa na muda mrefu sijalionja. Akasema, "Mwenye njaa haoni vizuri jioni. Nikimpima panya mwenye njaa nitakuwa nimepima njaa, si jicho." Maneno hayo niliyaelewa sana. Ninayataja mapema ili msije mkanitetea baadaye kwamba sikujua.

Mkuu wangu wa pili alikuwa Bwana Sajini, Mdachi mwembamba aliyesimamia vifaa, chakula na vibarua. Huyo hakupenda panya wala watu. Jioni ya siku ile ya kwanza aliniita mezani kwake akaniuliza, "Una ndugu au mkwe yeyote aliyekunywa yale maji ya vita?"

"Sina, Bwana," nilisema.

Baba mkwe wangu aliyanywa. Aliondoka kwake, kijiji kimoja kilichoko ukingoni mwa uwanda karibu na Newala, akaenda na wenzake kupigana, na mpaka leo hatujui alilala wapi. Lakini kwake palikuwa mbali na Masasi, mimi ni mtu wa Chiwata, na nilihitaji kazi. Uongo ule haukunikosesha usingizi hata kidogo.

Masasi joto likawashinda panya. Wengine walikufa, waliobaki wakalegea, na Bwana Daktari akasema jicho la panya aliyelegea si la kawaida. Tukafunga vizimba, pipa na vioo, tukapandisha Newala kwenye upepo na baridi. Mke wangu, Mama Blandina, alifurahi mno, maana ndiko kwao. Kwa desturi yetu mume ndiye anayehamia kwa kina mke, nami nilikuwa nimechelewa kutimiza wajibu huo. Tukajenga nyuma ya nyumba ya mama yake. Nikajiona nimepata yote kwa pamoja, ukwe na kazi.

Newala utapata kila kitu isipokuwa maji. Maji yako chini bondeni, na njia yake inashuka ukingoni mwa uwanda kama ukuta uliolala kidogo. Wanawake wa huko wameteremka na mitungi tangu enzi za mabibi zao. Sasa kituo chetu nacho kilitaka maji, na si ya kunywa tu. Vumbi la Newala ni jekundu na laini kama unga, likiingia jichoni mwa panya jicho linavimba na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo Bwana Daktari aliagiza sakafu ya chumba cha panya inyunyizwe maji asubuhi na mchana. Akida, mtawala wa pale chini ya Mdachi, akapewa amri ya kuleta wachota maji, naye akawatoa katika nyumba za watu waliokwenda vitani, iwe adhabu yao. Hapakuwa na wanaume wa kuadhibu, basi wakaadhibiwa wanawake. Katika mstari wao alikuwamo mama mkwe wangu.

Sasa nieleze jambo kwa ajili yenu mliozaliwa juzi, mnaokula sinia moja na wakwe zenu na kuwachekea. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani yeye huingia majanini na kujitanda nguo, nawe unapita ukiangalia vidole vya miguu yako. Jina lake hulitamki hata ukilewa. Una shida naye, unamwambia mkeo, na mkeo anafikisha. Wazungu walidhani ni chuki. Ni kinyume chake kabisa. Mama anapokuficha uso anasema, huyu ni mkwe wangu, nimempa mwanangu, ninamheshimu. Mwanamume mgeni anayepita na safari zake hafichwi uso, maana hana maana kwake.

Kwa hiyo kila asubuhi wanawake walipowasili uani na mitungi, mmoja wao alijitanda na kugeuka mara tu nilipotokea mlangoni, nami nikaangalia chini. Wenzake walikuwa na midomo. Haikupita muda wakatunga wimbo wa kupandia mlima, wakauimba kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Nkwewe hantazami, panya anantazama! Nkwewe hantazami, panya anantazama!" Nilicheka nao. Wimbo wa kumtania mkwe ni halali yao, na kweli ulichekesha.

Siku moja mchana Mama Blandina alinijia nikiwa nakunja kamba za pipa nyumbani. Akasimama, hakuketi.

"Baba Blandina, mama haoni jioni."

"Haoni kwa vipi?"

"Jua likigusa miti tu, anapapasa. Jana alimimina uji nje ya bakuli. Kule njiani anashika nguo ya mwenzake aliye mbele, na wenzake wanamfichia. Siku wakichelewa bondeni mama ataanguka, Baba Blandina. Ataanguka afe."

Nilijua papo hapo ni nini. Ningeweza kuwaeleza hata mboni yake ikoje bila kuiona. Mama yule alikuwa na mwaka mzima wa ming'oko tumboni.

"Nenda kwa mabwana zako umwombee atolewe," mke wangu akasema. "Si wewe ndiye mtu wa macho?"

Nikamwambia nitakwenda. Nikaenda kweli, kesho yake asubuhi. Bwana Sajini alikuwa amesimama uani, kalamu mkononi, wanawake wamepanga mstari na kata zao vichwani. Nikamsogelea, nikakaza miguu kama askari.

"Bwana Sajini, katika hawa yupo mama mmoja macho yake hayafai jioni. Ninaomba atolewe."

Hakukasirika. Pengine ilikuwa siku yake njema. "Yupi? Taja jina lake nimfute."

Jina. Kule mwisho wa mstari mama mkwe alikuwa ameshavuta nguo usoni, amegeukia ukuta kwa sababu mimi nipo, na masikio yake yalikuwa wazi.

"Hujui jina? Basi nionyeshe kwa kidole."

Kumnyooshea mama mkwe kidole! Ni afadhali umpige.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wazee wenzangu wamenitetea kwa miaka, wakisema, masikini, mila ilimfunga mdomo. Mila haikunifunga. Mila yetu si kipofu, ina mlango wake. Kila mtoto anajua kwamba usipoweza kutaja jina unasema mama wa mke wangu, au bibi yake Blandina, na hakuna aliyetukanwa. Maneno hayo yalikuwa pale, mepesi kabisa. Ila nikiyasema, Bwana Sajini angeuliza bibi huyo mumewe yuko wapi, na kwa nini yumo katika mstari wa adhabu, na mbona mimi nilisema sina mkwe aliyekunywa maji. Ningefukuzwa, pengine ningechapwa. Niliogopa. Basi nikajifunika mila kama mama alivyojifunika nguo yake, nikasema, "Labda nimekosea, Bwana."

Bwana Sajini akacheka. "Mtu wa macho naye anakosea kuona!" Akapiga filimbi, wanawake wakateremka. Siku hiyo hawakuimba.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Walitaka nilitaje jina lake. Unajua mwenyewe, haiwezekani."

"Kumbe ni mila," akasema, akarudi kwenye kinu chake.

Ningeweza kukata kipande cha ini kizimbani nikakitia kwenye mkunjo wa nguo. Nililifikiria hilo pia. Bwana Sajini alikuwa akilipima ini kwenye mizani kabla ya kunipa, na nikasema kesho, labda keshokutwa, zikapita siku.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa wa madaktari anapanda kutoka Lindi kuja kuona kazi yetu. Kituo kizima kikapigwa deki. Bwana Sajini akaamuru safari ya ziada ya maji, ili sakafu na ua visinyanyue hata chembe ya vumbi mbele ya mgeni. Wanawake walioshuka asubuhi na mchana wakashushwa tena jua likiwa limeinama.

Mimi nilikuwa ndani na Bwana Daktari, taa imefunikwa kitambaa, tukipima mwanga hafifu. Tulikuwa na panya mmoja jike aliyekuwa hodari kupita wote. Nikalizungusha pipa. Mimi mwenyewe sikuiona milia, nilikuwa naona kivuli tu, lakini yule jike aliifuata bila kukosea, kichwa chake cheusi kikienda na kurudi. Nilisisimka kwa furaha. "Vizuri kabisa," Bwana Daktari akanong'ona. "Hili ndilo jicho la kawaida." Hapo ndipo tuliposikia yowe la wanawake kutoka upande wa mteremko.

Sikuuliza nani. Nilitoka mbio mpaka ukingoni na kusimama pale, sikuthubutu kushuka. Wenzake ndio waliompandisha, wamemlaza katika nguo zilizofungwa pamoja, mguu umepinda mahali pasipopinda mguu. Mwenzake wa mbele alikuwa amejikwaa, ile nguo aliyokuwa ameishika ikamponyoka, na mama akapiga hatua moja pembeni. Mtungi ulivunjika, maji ya panya yakamwagikia majabali. Walipita mbele yangu na hakuna aliyenisalimu.

Bwana Daktari aliuunga mguu vizuri. Alikuwa mganga wa kweli, nisimnyime haki yake. Kesho yake asubuhi wanawake walimweleza kwamba mama haoni jioni, naye macho yakamng'aa. Alikuwa na wiki nyingi akitazama macho mazima tu, na sasa alikuwa ameletewa bovu. Akaamuru mgonjwa abebwe mpaka kile chumba cha giza, cha panya. Mama Blandina aliingia pamoja na mama yake. Bwana Sajini alisimama mlangoni, ndani ya pazia. Tukakaa katika giza kama ilivyo desturi, panya wakikwaruza kwenye vizimba, mpaka Bwana Daktari akaona inatosha, akawasha mshumaa na kuniambia, "Kadi."

Nikashika kadi. Mkono ulikwenda palepale ulipozoea kwenda, kando ya jicho. Lakini uso wangu niliugeuzia ukutani.

"Kidoa gani?"

Nikazidi kuukodolea ukuta.

"Tazama!" Bwana Daktari akasema kwa ukali. "Kazi yako ni kutazama! Una nini leo?"

Mama naye alikuwa amejifunika nguo usoni, ameishika kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu aendelee kuishika. Kisha nikamsikia akisema na binti yake kwa Kimakonde, polepole, sauti ya mtu asiye na hasira tena. Bwana Daktari akamhimiza mke wangu, anasema nini huyo?

"Anasema," mke wangu akajibu kwa Kiswahili, akilia, "mwambie mumeo anitazame tu. Heshima aliyonipa siku ile uani inatosha."

Mama akaitoa nguo usoni, akaishusha mpaka mabegani.

Nikatazama. Mboni zilikuwa zimepanuka sana, na mshumaa uliposogea zilijibana kwa uvivu, na weupe wa jicho ulikuwa umekauka, hauna unyevu. Nikataja kidoa. Bwana Daktari akaandika. Na macho yale hayakuhama usoni kwangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Bwana Sajini ndiye aliyeanza kuelewa. "Mumeo?" akaniuliza. "Huyu ndiye mkwe wako? Ndiye uliyekuja kumwombea?"

"Ndiye, Bwana."

"Na mume wake?"

"Alikunywa maji. Hakurudi."

Nikangoja ulimwengu uniangukie. Bwana Sajini akainua mabega tu, akaenda zake kuhesabu mitungi. Vita vilikuwa vimekwisha na alikuwa amechoka kama sisi. Bwana Daktari alizima mshumaa, akafungua pazia, akanitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyekuta kosa katika hesabu rahisi. "Kwa nini hukusema?" aliniuliza. "Ungesema tu, ningemtoa siku ileile." Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu ya kazi, ya Kidachi na ya Kiingereza. Hakuna lililowahi kunikata kama maneno yale ya upole.

Akaagiza mgonjwa apewe ini. Kwa kuwa hapakuwa na mbuzi mwingine, alikatiwa katika lile ini la mbuzi la kulisha panya. Mama Blandina alimpelekea kila siku, akalila, na hazikupita wiki nyingi akaanza kuona jioni kama zamani. Mguu ulibaki mfupi. Wachota maji wengine waliendelea kushuka, ila sasa Bwana Daktari aliamuru wapewe nao unga, na wasishushwe jua likishainama. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia.

Nilitegemea mama mkwe atanikasirikia. Hasira ina mwisho wake, unapeleka wazee, unapeleka jogoo, unasamehewa. Hakukasirika. Siku ya kwanza aliyoweza kutembea na fimbo tulikutana kwenye kijia cha nyuma ya nyumba. Nikainamisha kichwa, nikangoja asikie hatua zangu aingie majanini. Hakuingia. Alinijia moja kwa moja, uso wazi, akanitazama machoni na kusema kwa Kiswahili cha kituoni, "Shikamoo, Bwana." Nilikuwa na umri wa mwanawe wa mwisho. Akanipita, akaenda zake. Mke wangu aliliona hilo kutoka mlangoni, na akaingia ndani haraka.

Nilipeleka wazee. Nilipeleka kuku, kisha mbuzi. Aliwapokea wazee vizuri, akawapikia, akawaambia hana ugomvi na mtu wa serikali. Tangu siku hiyo hakunificha uso tena.

Kazi ya panya haikufika mbali. Yule mkubwa kutoka Lindi alisifu vipimo vyetu, kisha Bwana Daktari akahamishiwa upande mwingine wa nchi kabla hajadunga panya hata mmoja ile dawa. Sijui kama alipofika huko aliendelea. Panya waliuawa kwa moshi na kufukiwa kwa chokaa, nami ndiye niliyefukia. Yule jike hodari nilimfukia pia. Bwana Sajini akanipeleka Lindi kuosha chupa hospitalini. Vita vikubwa vilipokuja nikabeba machela. Mwingereza alipoingia nikafanywa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, nikahudumu Lulindi, nikahudumu Masasi, chini ya Bwana Mganga Mkuu aliyenifundisha sindano na wa baada yake aliyenifundisha kutunza stoo. Wengi wenu nimewafundisha mimi kumtazama mgonjwa jicho. Mliniona mkali. Nilikuwa mkali kwa sababu kila mara nilipomwinamia mama mzee na mshumaa, nilikuwa namwuliza kwanza amekula nini, na ninyi mlikuwa mnaanza na dawa.

Siku ya kustaafu walinipa saa na hotuba. Mgeni rasmi alisema nimeipa serikali macho yangu. Watu wakapiga makofi. Mimi niliangalia chini, na wakadhani ni unyenyekevu.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na kifo chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu hii. Aliugua homa ya mapafu, akiwa mzee sana, na Mama Blandina akanitumia mtu Masasi nije upesi na dawa. Nilifika alasiri. Nikaingia moja kwa moja mpaka chumbani alikolala, jambo ambalo mkwe hafanyi, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinua mkono kunizuia. Nikaketi kando ya kitanda chake, nikamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa zahanati. Macho yake yalikuwa mazuri, safi, bado yanaona.

Nje, kwenye kibaraza, mtu akakohoa kwa adabu. Alikuwa mume wa binti yake mdogo, mkulima tu, mtu asiyejua herufi. Alikuwa amekaa chini, ameugeuzia mlango mgongo, ameinamisha kichwa.

Mama mkwe akageuza kichwa kidogo kumwelekea mke wangu. "Mwanangu," alisema, "nifunike uso. Mkwe wangu yupo hapo mlangoni."

Mama Blandina akachukua ncha ya nguo. Akaniangalia mimi kwanza, mkono wa mama yake ungali mkononi mwangu, kisha akamfunika.